Motokari Kubwa Zitasimama, Ndogo Zitapita

Mvua imekwisha kulainisha udongo, maembe yanaanguka usiku juu ya mabati, na watoto wanahesabu siku za masomo zilizobaki. Katika kila parsele swali ni moja: Noeli ya mwaka huu tutaifanya namna gani?

Sisi katika shirika letu tumeamua kufanya msafara wa motokari zilizopambwa, Jumapili ya mwisho kabla ya Noeli, ndani ya kartie yetu wenyewe. Jambo hili limetuchukua mikutano mitatu. Tunaandika wiki hii ili kila nyumba ijue ni nini kilitugawanya, tulikubaliana nini, na kila mmoja ataleta nini.

Swali la mama mmoja

Wazo la kwanza lilikuwa rahisi. Tuchukue motokari za kartie, tuzifunge maua na vitambaa, zizunguke avenyu zetu zikipiga honi, watoto waimbe. Tulipoandika orodha tulipata taksi tatu na motokari mbili za familia. Tano zinatosha. Tukaanza kugawana kazi: nani ataleta majani ya mnazi, nani vitambaa, nani atapika.

Ndipo mama mmoja, ambaye nyumbani kwake hakuna motokari wala pikipiki, akauliza kwa sauti ya chini: "Na sisi bantu tunakosa motokari, tutaikala wapi? Kando ya barabara, kupiga makofi?"

Hakuna aliyemjibu haraka. Katika kartie yetu nyumba zenye motokari ni chache kuliko zile ambazo hazina, na mtoto anajua mapema kabisa nyumba yake iko upande gani. Feti ya Noeli inayowaonyesha watoto walio nayo na wasio nayo, kwa honi na maua, si feti tuliyoitaka.

Hata wale wenye taksi hawakuwa wamestarehe. Mama mwingine, mke wa shofere, alitueleza hesabu ya nyumbani kwake. Taksi si ya mume wake. Kila jioni lazima apeleke versement kwa mwenye motokari, mvua inyeshe au isinyeshe, wateja wawepo au wasiwepo. Jumapili peke yake anayopata inabaki kwake. Alisema hivi: "Siku sita motokari iko ya patron. Siku moja tu njo ya batoto bangu." Jumapili ya mwisho kabla ya Noeli ndiyo siku ambayo watu wanatoka sokoni na mizigo, wanakwenda kutembelea ndugu, wanalipa bila kubishana sana. Kumwomba shofere asimamishe kazi saa hizo ili sisi tufurahi ni kumwomba atoe kuku wa watoto wake mezani.

Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili, na yote mawili ya kweli. Wasio na motokari waliogopa kuwa watazamaji. Wenye motokari waliogopa kulipa gharama ya furaha ya wengine. Msafara ambao haujibu yote mawili usingefaa kufanyika.

Motokari ambazo kila nyumba inaweza kuwa nazo

Katika mkutano wa pili tulianza upande mwingine. Tulijiuliza: ni motokari gani ambayo mtoto yeyote wa Hewa Bora anaweza kuwa nayo? Jibu lilikuwa linapita mbele ya mlango kila siku baada ya masomo: motokari ya waya.

Kila mmoja wetu anaijua. Mtoto anakunja waya hadi upate umbo la taksi, la kamio au la basi. Magurudumu anayakata katika kandambili iliyokatika au anatumia vifuniko vya mikebe. Fimbo ndefu ya waya inatoka kwenye ekseli ya mbele, inapanda hadi kifuani kwake, na juu yake kuna usukani wa mviringo. Mtoto anatembea wima nyuma ya motokari yake na kuiongoza kushoto na kuume kama shofere mkubwa. Anayetazama vizuri ataona kwamba mchezo huu una elimu ndani yake: mtoto amepima, amelinganisha, ametafuta namna ya kufanya gurudumu la mbele ligeuke bila kung'oka.

Mchezo huu si wa Katanga peke yake. Zambia wanaufanya, Zimbabwe wanaufanya, na Malawi wanaita kitu hicho galimoto, neno lilelile wanalotumia kwa motokari ya kweli. Mwaka 1990 mwandishi Mmarekani Karen Lynn Williams alitoa kitabu cha watoto chenye jina hilo, Galimoto, kuhusu mvulana wa Malawi anayezunguka kijiji akikusanya vipande vya waya hadi atengeneze motokari yake. Watoto wa nchi za mbali wamejifunza kwa kitabu hicho jambo ambalo watoto wetu wanalifanya bila kitabu.

Na mji wetu una desturi ya kufanya kitu kizuri kwa kile kilichobaki. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yetu juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na leo michoro yake inatunzwa na kusomwa ng'ambo. Hakungoja kitambaa cha duka la wachoraji. Watoto wetu nao wasingoje vitu vya duka la Noeli.

Tulichokubaliana

Katika mkutano wa tatu tulipanga hivi.

Taksi tatu na motokari mbili zitazunguka mara moja tu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha zitafika uwanjani na kusimama katika mistari miwili, zikitazamana. Injini zitazimwa na funguo zitatolewa. Hapo ndipo msafara wenyewe utaanza. Watoto watapita katikati ya mistari hiyo na motokari zao za waya, zilizopambwa, mmoja baada ya mwingine. Mashofere watasimama mbele ya motokari zao, na wao ndio watakaopiga makofi. Motokari kubwa zitasimama, ndogo zitapita.

Mpango huu una faida ya pili ambayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Mtoto na motokari inayotembea hawatakuwa mahali pamoja hata dakika moja. Mtoto anayetazama gurudumu lake la waya hatazami nyuma, na shofere ambaye motokari yake imefunikwa maua haoni kila kitu. Kuwatenganisha kabisa ni salama kuliko kuweka mama mmoja wa kupiga filimbi katikati yao.

Kuhusu mapato ya shofere, tumekubaliana kwamba kila taksi italipwa kama imekodiwa kwa saa moja na nusu. Nusu ya fedha itatoka katika mfuko wa shirika, na nusu nyingine katika familia za wazee watakaopanda. Tunao nkambo ambao miguu yao haiwaruhusu tena kutembea, na ambao Noeli nyingi wameisikia tu kwa sauti kutoka ndani ya nyumba. Kila taksi itachukua nkambo wawili au watatu, iwazungushe kartie nzima, kisha iwafikishe uwanjani wakae ndani wakitazama watoto. Familia zitalipa kama ambavyo zingelipa taksi siku nyingine yoyote. Baada ya hapo shofere anatoa mapambo, anawarudisha wazee, anaendelea na Jumapili yake. Yule mke wa shofere alikubali, na ndiye aliyesema mapambo yasichukue zaidi ya dakika kumi kuyatoa.

Kupamba motokari ya mtu mwingine

Taksi si mali ya anayeiendesha. Mkwaruzo mmoja kwenye rangi unaweza kuleta ugomvi na patron ambao utadumu kuliko Noeli. Kwa hiyo tumejifunza mambo haya, na tunaomba kila anayepamba ayafuate.

Usitumie skochi juu ya rangi. Ikikaa juani inaacha gundi, na rangi ya zamani inang'oka nayo. Nenda kwa kwado umwombe mpira wa ndani wa gurudumu uliokwisha kazi, ukate vipande virefu kama utepe, ufunge navyo. Mpira unavutika, unashika, na haukwaruzi. Kamba inaweza kupita juu ya paa na kuingia ndani ya milango, halafu milango ikafungwa juu yake. Mwenye spika ya redio iliyokufa atoe sumaku yake, aifunge ndani ya kitambaa laini, nayo itashika pambo juu ya bati bila kidonda.

Usitumie karatasi za krepe. Ni nzuri jua likiwaka, lakini tuko katika majira ya mvua, na mvua ya saa tisa haiombi ruhusa. Krepe ikilowa inatoa rangi nyekundu na kijani ambayo inaingia kwenye rangi nyeupe ya motokari na haitoki kwa urahisi. Chukua vipande vya kitenge vilivyobaki kwa mshonaji, majani mabichi ya mnazi na ya mwembe, na maua ya flamboyanti, ambayo majira haya yanapatikana kando ya barabara bila malipo. Kwa maandishi, tumia kipande cha sabuni kikavu juu ya kioo cha dirisha la nyuma la pembeni. Kinaandika vizuri, na maji yanakiondoa.

Hatuna theluji Lubumbashi, na hatuoni sababu ya kuikata katika karatasi. Wahunzi wa Katanga, karne nyingi zilizopita, walimimina shaba katika umbo la msalaba mdogo, nayo ikatumika kama fedha. Umbo hilo ni letu. Likate katika kartoni, lifunike kwa karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti za majani ya chai au za biskuti, ulitundike. Kwa gundi, chemsha bunga kidogo na maji mengi hadi iwe uji mzito. Inashika karatasi na kartoni vizuri sana.

Halafu kuna sehemu ambazo hazipambwi kabisa. Mbele ya radiata pasifunikwe, kwa kuwa motokari inayokwenda polepole haipati upepo, na injini inachemka haraka. Taa, ndikato na namba ya motokari zionekane. Kioo cha mbele kibaki wazi chote. Majani makavu yasikaribie bomba la moshi, maana lina moto wa kutosha kuyawasha.

Na jambo moja ni la hapa kwetu hasa. Motokari nyingi ndogo tulizo nazo zina usukani wa kuume. Zilitumika Japani, zikashushwa bandarini Dar es Salaam, zikapita Zambia, zikaingia Kasumbalesa, kama kilomita 90 kutoka hapa. Lakini sisi tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Maana yake shofere amekaa upande wa mtaro, na katikati ya barabara anapaona kwa msaada wa kioo chake cha kushoto. Kioo hicho kisifungwe hata utepe mmoja, wala dirisha la kushoto la mbele lisitundikwe kitu.

Kutengeneza ile ya waya

Kwa nyumba ambazo hazijawahi kuitengeneza, hii ndiyo njia fupi. Kunja waya mnene kidogo upate umbo la mstatili, urefu wa sentimeta 25 na upana wa sentimeta 12. Hiyo ni chini ya motokari. Juu yake jenga kuta na paa kwa waya mwembamba, ukifunga kila pembe mara mbili. Weka ekseli mbili. Ya nyuma ifungwe isigeuke. Ya mbele ishikwe katikati peke yake, ili iweze kwenda kushoto na kuume, na hapo katikati ndipo unapofunga fimbo ya usukani. Fimbo ipite ndani ya pete ndogo kwenye paa, ndipo ipande hadi kwenye kifua cha mtoto. Kwa mtoto wa miaka minane, mita moja inatosha.

Kuna kazi mbili ambazo mtu mzima anapaswa kuzikagua kwa mkono wake. Kila ncha ya waya ikunjwe iwe pete, isibaki imechongoka, kwa sababu fimbo ya usukani iko karibu na macho ya anayeishika na ya mdogo wake anayemfuata. Na kila ukingo wa mkebe uliokatwa ukunjwe ndani na kupigwa kwa jiwe au nyundo hadi usikate kidole.

Kupamba ni kwa mtoto mwenyewe. Tumekubaliana na tunaomba wazazi wakubali pia: anayepamba ni mtoto, mzazi anashika pinsi tu akiombwa. Tumeona mara nyingi kazi ya mtoto ambayo ndani yake kuna mkono wa baba kuliko wa mtoto.

Tena tunasema wazi: hizi si motokari za wavulana peke yao. Katika mkutano wetu msichana wa miaka kumi, aliyekuja kumbeba mdogo wake, alituambia anajua kutengeneza kamio lakini kaka zake hawamwachii pinsi. Katika orodha yetu kila nyumba itaandika wavulana na wasichana. Nyumba yenye pinsi moja wapeane zamu.

Waya utoke wapi

Hapa tunawaomba wazazi wasome polepole, kwa sababu msafara unaweza kumtuma mtoto mahali ambapo hatungependa afike.

Waya mzuri wa kuanza nao ni ule mweusi laini ambao mafundi wanafungia vyuma kwenye shantie. Vipande vinavyoanguka chini havina kazi tena kwao. Mzazi aende mwenyewe kumwomba fundi, mtoto asiingie shantie peke yake. Tumekwisha kuzungumza na mafundi wa shantie mbili za kartie, na wametuwekea vipande katika ndoo. Viango vya nguo vilivyovunjika vinafaa pia.

Mtoto asichome mpira wa motokari ili kupata waya ulio ndani yake. Asichome nyaya za umeme ili kupata shaba. Moshi wa mpira na wa plastiki ya nyaya ni sumu kwa mapafu, na anayeuvuta wa kwanza ni huyo aliyeinama juu ya moto. Kartie yetu inaitwa Hewa Bora, na jina hilo tunalilinda wenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, baada ya feti hatutachoma mapambo. Vitambaa vitafuliwa, majani yatakwenda bustanini, kartoni itatunzwa kwa mwaka ujao.

Waya wa nguzo, wa ukuta wa jirani au wa umeme haukatwi, hata kama umelala chini. Waya wa umeme ulioanguka baada ya mvua unaweza kuwa na nguvu, hata ikiwa nyumba zote ziko gizani. Mkatiko wa umeme ukiisha, unaua.

Mtoto asiende pia kutafuta waya kwenye marundo ya mabaki ya madini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya utafiti wao katika Katanga. Watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikutwa na kobalti nyingi sana katika mkojo wao, na watoto walikuwa nayo zaidi ya wakubwa. Mtoto anacheza chini, anaweka mkono mdomoni, anakula embe bila kunawa. Hivyo vumbi linaingia. Baada ya kila kazi ya waya na mikebe, sabuni na maji kwanza, chakula baadaye.

La mwisho ni taa. Sokoni kuna taa ndogo za Noeli zenye betri ya mviringo kama kifungo cha shati. Zinapendeza sana juu ya motokari ya waya, lakini betri hiyo mtoto mdogo akiimeza inaweza kuchoma koo lake ndani ya saa mbili, hata kama haonyeshi maumivu. Ikitokea, msingoje, msimtapishe, mpelekeni hospitali mara moja. Sisi tumeamua kwamba katika msafara wetu taa hizo hazitatumika. Vifuniko vya chupa vilivyosuguliwa kwa mchanga vinang'aa juani kama taa, na msafara wetu ni wa mchana.

Wengine wanafanya vipi

Hatukuvumbua sisi msafara wa motokari zilizopambwa. Huko Pasadena, Marekani, kila mwaka mpya wanafanya msafara mkubwa wa maua ulioanza mwaka 1890, wakati ule kwa magari ya farasi. Leo ni motokari kubwa kama nyumba, lakini sheria moja wameitunza: kila sehemu inayoonekana lazima ifunikwe kwa kitu kilichoota, maua, mbegu, majani au maganda. Plastiki haihesabiwi. Sheria hiyo tumeipenda, na kwa taksi zetu tutajaribu kuikaribia.

Jirani zaidi, Nairobi, matatu zao zimechorwa na kupakwa rangi hadi watu wanachagua ya kupanda kwa uzuri wake. Mwanzoni mwa 2004 serikali ya Kenya ilileta sheria kali za matatu: mikanda, kizuizi cha mwendo, mstari wa manjano ubavuni. Michoro ikafutwa, na miaka mingi baadaye ikaruhusiwa tena. Tunachojifunza ni kwamba uzuri na usalama vinaweza kukaa pamoja, lakini usalama unapangwa kwanza.

Barua na siku yenyewe

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 26, inatoa haki ya kukusanyika na kutembea pamoja hadharani, na inataka wanaopanga wajulishe wakubwa kwa maandishi. Barua yetu imeandikwa, ina njia tutakayopita na saa, na nakala moja imekwenda kwa mkuu wa kartie. Anayebeba barua hiyo siku ya msafara ni mwandishi wa shirika, naye atatembea mbele.

Mtakutana nasi uwanjani saa sita mchana, baada ya ibada, kupamba. Motokari kubwa zitazunguka saa nane. Watoto watapita saa nane na nusu. Mvua ikianza kabla ya saa nane tutangoja chini ya mabati, ikizidi saa tisa na nusu tutaahirisha hadi Jumatatu, lakini kwa watoto na motokari za waya tu. Taksi zitakuwa zimerudi kwa patron.

Kila nyumba ilete hivi: kiti kimoja, chupa ya maji ya kunywa, kitambaa cha kufutia motokari, na jina la mtoto au watoto watakaopita. Mwenye pinsi ya ziada aiandike jina lake asije akaipoteza. Hakutakuwa na mshindi wa kwanza wala wa pili. Kila mtoto atakayepita atataja jina la motokari yake kwa sauti, na mashofere watamwitikia kwa makofi. Wenye honi watapiga honi, injini zikiwa zimezimwa.

Orodha iko kwa mweka hazina wetu. Hadi jana jioni ilikuwa na taksi tatu, motokari mbili za familia, nkambo saba na motokari za waya thelathini na moja. Jina la kwanza katika orodha ya waya ni la mtoto wa yule mama aliyetuuliza tutakaa wapi. Anatengeneza basi.

Nyumba ambayo bado haijaandikwa, iandikwe kabla ya Ijumaa. Noeli njema kwenu wote.